Ukizidiwa Tumwite Nani? Kuhusu Utafiti wa Dini na Namna ya Kuuliza

Baadhi yenu mliniomba niweke hapa maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha Waafrika Mashariki hapa London. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, nikapunguza salamu na yale ya ukumbini. Walioko nyumbani nao wasome, maana yanawahusu kuliko hata sisi tulioko huku. Mwenye kukosoa akosoe bila hofu.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema anataka nizungumzie dini. Nikashtuka. Mimi si mchungaji, si shehe wala si profesa. Ni muuguzi tu. Nina shahada ya uuguzi, nina miaka yangu kadhaa wodini, na jioni hii nimekuja moja kwa moja kutoka kulala, kwa sababu jana nilikuwa zamu ya usiku. Lakini nikakubali, kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, na ndilo lililonifanya nianze kusoma vitabu vya watafiti wa dini wakati kazi yangu ni kupima presha na kubadilisha shuka.

Miaka michache iliyopita tulimpokea mzee mmoja usiku wa manane. Nitabadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane. Alikuwa mtu wa pwani yetu, ameishi Uingereza zaidi ya miaka arobaini, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Mimi nimekulia Tanga, kwa hiyo nilipoona jina lake nilijua ni wa kwetu. Lakini wodi ilikuwa imejaa, simu inalia, na nilikuwa na fomu ya kurasa nyingi mkononi. Tukafika kwenye kipengele cha dini. Fomu ile, ukiifasiri, inauliza hivi: je, unafuata dini yoyote kwa vitendo? Nikamwuliza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa. Akafikiri kidogo, akasema, hapana sister, si hasa. Nikaandika: hana dini. Nikageuza ukurasa.

Siku ya nne mzee alifariki, alfajiri. Nilikuwa zamu. Nilimshika mkono mpaka mwisho, hilo nashukuru. Lakini hakuitwa mtu. Asubuhi akafika mpwa wake, mama wa makamo, kasafiri usiku kucha kutoka mji mwingine, kanga begani. Hakuuliza habari za dawa wala mashine. Aliniuliza kwa Kiswahili: "Mwanangu, nani alimsomea?"

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha fomu, kana kwamba fomu inaweza kumjibu mtu kitu kama hicho. Akaisoma, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mjomba wake aliacha kwenda msikitini miaka miwili iliyopita miguu ilipokataa, na kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa si mtu wa kujitapa kuwa anafuata dini kwa vitendo. Ilikuwa ni unyenyekevu. Katika vitu vyake tulikuta tasbihi imefungwa kwenye leso.

Kosa lile ni langu. Silitupi kwa hospitali wala kwa Wazungu. Mimi ni Mkristo, lakini nimelala utotoni nikisikia Yasini ikisomwa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Nilijua kabisa swali la kumwuliza mzee wa pwani, na nilijua lugha ya kumwulizia. Nikatumia swali la fomu.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta. Nilitaka kujua kama kuna watu wengine waliouliza habari za dini za watu wetu, wakauliza vibaya, na nini kilitokea. Ndugu zangu, nilikuta maktaba nzima.

Kwanza tuelewane. Utafiti wa dini wa vyuo vikuu si mahubiri. Mhubiri anataka uamini. Mtafiti anataka kujua watu wanaamini nini, imani hiyo imetoka wapi, inawafanya waishi vipi, na inawapa nini wakati wa shida. Yaani historia, maadili na mambo ya roho. Wengi wetu tunaogopa jambo hili, Wakristo na Waislamu sawasawa. Tunadhani mtu akichunguza dini ana nia ya kuivunja. Nami nilidhani hivyo. Sasa naona hatari kubwa iko pengine: iko kwenye swali lenyewe, lugha yake, na nani ameshika kalamu.

Nianze na Uganda. Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi ambaye wengi mnamjua kwa mashairi yake, alikuwa pia mtafiti, alisomea elimu ya jamii na mila huko Oxford. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitoa kitabu kinachokosoa namna wasomi wa Magharibi walivyoandika kuhusu dini za Afrika. Humo anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani aliwaumba? Kijaluo cha Waacholi hakina neno la kuumba kwa maana ile ya kufanya kitu kutoka pasipo kitu. Basi swali likageuzwa likawa: nani aliwafinyanga? Wazee wakashangaa. Mtu hafinyangwi kama chungu, mtu huzaliwa na mama yake. Wakasema hatujui. Mapadri wakasisitiza, lazima jibu lipatikane. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu anaweza kuzaliwa mzima, kisha akapatwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, mgongo ukapinda, akawa kibiongo kama aliyefinyangwa upya. Na roho inayowafanya watu hivyo inaitwa Rubanga. Akasema: Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Mapadri wakafurahi, wakaandika. Rubanga likawa jina la Mungu Muumba.

Wenzangu wa hospitali mmeshaelewa ni ugonjwa gani huo. Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vitabu vyetu vya uuguzi vinauita kwa jina la Percivall Pott, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's, hapa hapa London, aliyeueleza mwaka 1779. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana wale mapadri hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na fomu yao, ina nafasi ya kujaza, na hawakuondoka mpaka nafasi ijazwe. Nikajiona mimi na kalamu yangu saa nane za usiku.

Lakini hapa msiniwahi. Bibi wa Kiacholi anayemwita Rubanga leo kanisani hamwiti kifua kikuu. Watu wamelichukua lile neno, wamelijaza sala zao na machozi yao ya zaidi ya miaka mia moja, na sasa ni lao. Anayetaka kumvua bibi yule neno lake kwa sababu ya kosa la mwaka 1911 atakuwa anafanya kosa la pili. Mtafiti mwenye adabu ataeleza neno lilivyopatikana, halafu amwulize bibi mwenyewe leo anamaanisha nini.

Okot hakuwagombeza Wazungu peke yao. Aligombana pia na John Mbiti, Mkamba wa Kitui, padri wa Kianglikana aliyepata shahada yake ya udaktari Cambridge na kufundisha Makerere. Mwaka 1969 Mbiti alitoa kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichosomwa vyuoni dunia nzima. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini alipotaka kueleza namna Waafrika wanavyouona wakati, alichukua maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Aliandika kwamba mtu akifa haondoki mara moja, bali anabaki kuwa mfu aliye hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo anazama kabisa katika zamani.

Okot alimshambulia Mbiti na wenzake, akasema wanaivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ionekane ya heshima mbele ya wasomi wa Ulaya. Kwangu mimi ugomvi ule una faida kubwa. Ni Waafrika Mashariki wawili, wote wamesoma hapa Uingereza, wanabishana kuhusu dini zetu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Okot alifariki 1982, Mbiti 2019 huko Uswisi. Ni wangapi humu ukumbini tumewahi kubishana kuhusu hoja zao kama tunavyobishana kuhusu Arsenal?

Sasa niwapeleke kusini mwa Tanzania, kwa sababu huko tunapata mfano wa watu waliouliza vizuri. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, sote tulifundishwa shuleni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na roho iitwayo Hongo, akagawa maji ya kuwakinga watu na risasi, akanyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kama 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefikisha hesabu hiyo hata 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Wakubwa wa serikali ya Kijerumani waliandika kwamba ilikuwa fitina ya waganga waliowadanganya watu wajinga. Jambo likaishia hapo katika maandishi kwa miaka zaidi ya hamsini.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa kwenye utafiti wa Maji Maji, wakaenda katika sehemu zilizopigana, wakawauliza wazee. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyefanya kazi hiyo na John Iliffe, alikusanya mengi upande wa Matumbi na Rufiji. Baadhi ya wazee walioulizwa waliiona vita kwa macho yao. Na kwa kuwa waliulizwa kwa lugha wanazozijua, na vijana wanaojua kukaa chini na kuamkia, majibu yakawa mengine kabisa. Wazee walieleza habari za kulazimishwa kulima pamba, na jinsi maji yalivyounganisha makabila ambayo hapo awali hayakuwa na mkuu mmoja. Walieleza pia miiko: mpiganaji aliyepokea maji asipore, asimkaribie mwanamke wakati wa vita.

Mnaona jambo hilo? Ukiuliza "mlidanganywa na mchawi gani?" utapata jina la mchawi. Ukiuliza "ilikuwaje, babu?" utapata historia, maadili na roho katika jibu moja, kwa sababu kwa wazee wale havikuwa vitu vitatu. Mwaka 1970 wasomi walikutana Dar es Salaam kuzungumzia historia ya dini za Kiafrika, na mwaka 1972 Terence Ranger na Profesa Isaria Kimambo, Mpare wetu, wakahariri kitabu kutokana na mkutano huo. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba dini za Kiafrika nazo zina historia, zimebadilika kama dini nyingine zote, hazikukaa palepale zikimsubiri mmisionari. Leo inaonekana jambo la kawaida. Wakati ule ilikuwa ni kupindua meza.

Turudi hapa London. Pale Russell Square kuna chuo cha SOAS, kilichoanza kufundisha mwaka 1917. Miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwemo Alice Werner, mama aliyefundisha Kiswahili. Maktaba yao ina maandishi mengi ya Kiswahili ya zamani, yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: karatasi za W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa aliyefundishwa tenzi na Mwalimu Sikujua, na karatasi za William Hichens, ambaye Muhamadi Kijuma wa Lamu alimnakilia tungo nyingi kwa mkono wake. Niliomba nafasi, nikaenda siku yangu ya mapumziko. Ukurasa wa Kijuma ni mzuri mpaka unaogopa kuugusa. Na mimi, Mswahili wa Tanga mwenye shahada, sikuweza kusoma hata mstari mmoja, kwa sababu herufi zile sikufundishwa. Nilikaa pale nikiangalia lugha yangu kama picha.

Katika tenzi walizozichapisha Werner na Hichens umo Utendi wa Mwana Kupona, waliouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Wengi mmeusikia shuleni. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, shehe wa Siu, aliyepigana na Sayyid Said wa Zanzibar. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima. Alice Werner alipofika Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alimkuta binti huyo bado yu hai.

Toleo lile la 1934 liliupa utenzi kichwa cha habari cha Kiingereza kinachosema ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Na ni kweli, mawaidha ya mke na mume yamo, mengi tu, na mengine siku hizi yanatuudhi akina mama. Lakini mimi niliusoma kama muuguzi, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba huyu mama ni mgonjwa. Amekuwa mgonjwa muda mrefu, anajua hana siku nyingi, na kweli alifariki miaka michache tu baadaye. Anamwita mtoto, anataka wino na karatasi. Anamfundisha kushika dini, kuchunga ulimi, kuwa na adabu na watu. Anakumbuka maisha yake na marehemu mume wake. Mwisho anaomba dua ndefu kwa ajili ya afya yake na watoto wake. Mimi nimekaa na wagonjwa wa namna hiyo. Mpangilio ule naujua: wanakabidhi, wanakumbuka, wanaomba.

Kwa hiyo wasomi wawili walipouliza "unasema nini kuhusu wajibu wa mke?", walipata jibu la swali hilo, wakaliweka juu ya jalada, na vizazi vya wanafunzi vimeusoma hivyo. Watafiti wa baadaye wameusoma upya wakaona mengi zaidi, hata siasa za Pate na Siu. Swali la mauti ya mama yule bado ninaliona halijaulizwa vya kutosha, na nadhani anayefaa kuliuliza ni mtu anayejua Kiswahili na amekesha na mgonjwa.

Kuhusu kalamu, kuna mtu mmoja ambaye kila mbeba boksi wa Ulaya inafaa amjue. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliletwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, kina maelezo ya kuzaliwa, jando, ndoa, pepo, uganga, sala na mazishi, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro, kwa Kiswahili chake. Mwenye jina juu ya jalada ni Carl Velten. Mtoro alioa Mjerumani, na walipotaka kurudi Afrika Mashariki mwaka 1905 walizuiwa kushuka Dar es Salaam, kwa sababu serikali ya koloni haikutaka kuona ndoa ya namna ile. Alirudi Berlin, akafia huko mwaka 1927. Ughaibuni haukuanza na sisi, na wala kusahauliwa hakukuanza na sisi.

Najua kuna watakaosema: dada, haya ni ya wasomi, siasa iko wapi? Siasa ipo. Tanzania iliuliza dini katika sensa mara ya mwisho mwaka 1967. Tangu hapo haijauliza, na mwaka 2012 kuna vikundi vya Waislamu vilivyotaka sensa isusiwe kwa sababu kipengele hicho hakimo. Kila upande una takwimu zake za mdomoni, na kila upande hauamini za mwenzake. Huku Uingereza na Wales swali la dini liliingizwa kwenye sensa mwaka 2001, kwa hiari ya mtu, na watu karibu 390,000 wakajiandika kuwa ni Jedi, dini ya kwenye sinema. Mwaka 2021 hapa London asilimia 40.7 walijiandika Wakristo, 15 Waislamu, na 27.1 hawana dini.

Sisemi serikali yetu iulize au isiulize. Wapo wenye hoja nzuri pande zote mbili, na waliokuwa na hofu ya nchi kugawanyika hawakuwa wajinga. Ninachosema ni kwamba namba ile ya 27.1 naiangalia kwa mashaka. Simaanishi imepikwa. Najua mzee wangu angejibu nini, na najua angewekwa kwenye safu gani. Kabla hatujagombana kuhusu idadi, tujifunze kuuliza vizuri.

Na wale wanaosema utafiti huu ni mali ya Wazungu, basi tuukatae wote, nao siwaungi mkono. Alice Werner alifanya kazi kubwa. Bila wanakili wa Lamu na wale waliowalipa, pengine tungepoteza mengi kwa mchwa na unyevu. Tukisusa, tutakuwa tumewaachia wengine maswali na majibu.

Sasa nifanyeje mimi na wewe? Nina mambo matatu, halafu nikae.

La kwanza ni la kazini kwetu, maana humu tumejaa wauguzi na walezi wa wazee. Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa mahututi ya St Christopher's kule Sydenham mwaka 1967, alianza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yako mwilini, akilini, katika familia na rohoni, na huwezi kutibu moja ukaacha mengine. Fomu tujaze, ndiyo kazi. Lakini baada ya fomu mimi siku hizi naweka kalamu chini nauliza mambo matatu. Ukizidiwa, tumwite nani? Kuna kitu au neno unalotaka liwe karibu nawe? Kuna jambo ambalo tusilifanye? Kwa mtu wetu nauliza kwa Kiswahili, nikianza na shikamoo. Hata Mwingereza asiye na dini ana majibu. Mmoja aliniambia anataka redio ya mchezo wa kriketi. Tukamwekea.

La pili ni wazee wetu. Kila mmoja hapa ana kinasa sauti mfukoni. Ukienda likizo, usimpige bibi picha tu. Mwulize alivyofundishwa kusali, alivyozikwa baba yake, miiko gani iliachwa na kwa nini. Lakini kuna adabu za utafiti, na wauguzi tunazijua: kwanza ridhaa. Mweleze unafanya nini na sauti yake itakwenda wapi. Akisema hili usirekodi, zima. Usimrekodi mtu akiwa hoi hajui unafanya nini. Yaliyo siri ya unyago au ya tarika si yako kuyatupa kwenye makundi ya simu. Na nakala ibaki kwa familia, isije ikawa tena kwamba mjukuu lazima apande ndege aje Russell Square kumsikia bibi yake.

La tatu, tuandike kwa Kiswahili. Mbiti alilazimika kupitisha sasa na zamani katika Kiingereza ili dunia imsikie. Nyakati zake zilikuwa hizo. Leo tunaweza kubishana kuhusu Mbiti kwa Kiswahili na yule mama aliyekuja na kanga begani akasoma na kutukosoa. Watoto wetu wanaosoma vyuo vya huku wakitaka kuandika tasnifu kuhusu dini, tusiwakimbize wote kwenye uhasibu na famasi. Nasema hivyo nikijua kabisa nani analipa bili.

Yule mama, kabla hajaondoka, aliniomba kitanda kiwekwe sawa akakaa pembeni ya mjomba wake, akamsomea mwenyewe. Nikafunga pazia. Aliporudi kuchukua vitu hakunilaumu. Aliniuliza tu jina langu na watu wangu wa Tanga ni akina nani, nikamwambia. Akasema, "Basi ulikuwa unajua." Ndugu zangu, nilikuwa najua.

Sasa niulizeni maswali, na mkiuliza vibaya nitawaambia.